Tulivyoanzisha klabu ya matanga Bukoba, mwenyekiti na katibu wote hatujui kuogelea

Wakuu habari za muda huu. Salamu kwa wote, hasa nyie mnaosoma mkiwa ofisini huku mmefungua Excel kumzuga bosi.

Juzi kuna mdau alileta uzi anauliza namna ya kusajili taasisi isiyo ya faida. Akajibiwa mambo ya mtandaoni, sijui password, sijui control number. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Sisi tulisajili ya kwetu wakati mashuleni Bukoba bado kuna mahandaki ya vita. Nitakachoandika ni kweli tupu. Majina nimebadilisha, maana wengine wajukuu zao wamo humu humu, tena ni wakali.

Twende.

Mimi ni mzaliwa wa Buganguzi, Muleba. Kwetu ni migomba na kahawa. Ziwa nililiona kwa mbali nikiwa mlimani, na nililiheshimu hivyo hivyo kwa mbali. Maji mengi niliyowahi kuyaingia ni ya karai la kuogea.

Baada ya chuo cha ualimu nikapangiwa shule ya msingi mjini, nikapanga chumba Kibeta.

Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha ila madukani hakuna kitu. Na ugonjwa ulikuwa umeingia, huu mnaouita UKIMWI. Sisi tuliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yanaletwa kwa magendo kutoka Uganda. Kila Jumamosi mazishi, kuna wiki unachagua uende kwa nani. Nataja mapema ili mjue mazingira, ila msikimbie, huu si uzi wa kulia.

Jirani yangu alikuwa mzungu mmoja wa kujitolea, fundi wa visima, tumwite Henki. Alikuwa na kimashua chake cha tanga alichokiunda mwenyewe. Jumapili anashuka ziwani, anazunguka, anarudi. Wengine tulikuwa tunamuonea huruma, tukijua amekosa mke.

Mkataba wake ukakaribia kuisha. Akatuita watu wawili, mimi na Bwana Sefu.

Sefu alikuwa fundi cherehani mjini, Mwislamu, babu yake alitoka Pwani. Jambo hilo hakuacha usahau. Ukienda kupunguza suruali lazima uambiwe babu yake alivuka bahari mara ngapi.

Henki akasema anataka kuiacha mashua, ila hampi mtu. Akimpa mmoja, wengine watanuna. Ataipa klabu tu, klabu isiyo ya faida, inayopokea mashua zilizotolewa bure na kufundisha watu kusafiri kwa tanga. Hakuna klabu? Basi tuiunde.

Mimi nilikubali kwa sababu nilipenda kuwa katibu. Sijawahi kuficha. Sefu akawa mwenyekiti kwa sababu ya damu ya babu.

Tukaandika katiba ya kurasa nne. Henki anasema kwa Kiingereza, mimi naweka Kiswahili. Kifungu alichokisisitiza sana ni kwamba mali ya klabu si ya mtu yeyote, haiuzwi wala hairithiwi. Mimi nilikiona cha kujazia karatasi tu.

Tukaenda kwa afisa wa usajili. Mtu mrefu, nadhifu, kalamu tatu mfukoni.

Akasoma. Akarudia kusoma. Akavua miwani.

"Mnasafiri kwenda wapi?"

"Hatuendi popote mkuu," nikamjibu. "Tunatoka, tunazunguka, tunarudi."

"Mnarudi wapi?"

"Pale pale tulipotokea."

"Halafu?"

"Halafu tunashuka."

Akatuangalia mmoja mmoja. "Uganda hamfiki?"

"Hapana mkuu!" Tulijibu wote kwa pamoja, mpaka na Henki. Miaka ile swali hilo huwezi kulijibu taratibu.

Akataka jina la Kiswahili, Kiingereza hakitaki. Hapo Sefu akaona zamu ya watu wa Pwani imefika. Akasema, "Tanga, wingi wake matanga. Klabu ya Matanga Bukoba." Afisa akapiga muhuri. Nikaona Kiswahili fasaha kabisa, na mimi ni mwalimu!

Sefu akachora kibao, akakitundika mlangoni kwake juu ya cherehani.

Kesho yake akaja mzee amevaa koti. Akatoa pole, akakaa, akauliza, "Jeneza mnatoa nyie au linatoka kwa familia?"

Wakuu, ndipo tukagundua. Mji mzima unazika, sisi tumefungua Klabu ya Matanga. Wiki ile walikuja watu wengi kutaka kujiandikisha. Mmoja aliuliza kama tunapika wenyewe au tunaleta wapishi. Sefu alikuwa anaeleza mambo ya babu na bahari, watu wanatikisa kichwa kwa heshima wakidhani marehemu ndiye huyo babu.

Kubadilisha jina ilibidi kurudi kwa afisa. Hakuna aliyejitolea.

Tukaamua tutangaze makanisani. Nikaandika tangazo kwa Kihaya, likasomwa Kashozi baada ya misa: klabu inapokea obwato, hata ukiwa wa zamani, uletwe Jumamosi.

Wahaya wenzangu humu tayari wameshashika kichwa. Kwa wengine niwaeleze: obwato ni mtumbwi. Pia obwato ni lile gogo lililochimbwa tunalokamulia ndizi kupata lubisi, pombe yetu.

Jumamosi ile ilikuja mitumbwi saba. Saba yote ya pombe.

Mzee mmoja alileta wa kwake akiwa na machozi. Alikuwa ameacha kunywa, padri amemwambia atoe sadaka kile kilichokuwa kinamkosesha. Utakataaje? Mimi nilipokea nikasaini. Sefu akasimama mbali amefunika pua na kofia, anasema yeye kama Mwislamu hawezi kuwa mwenyekiti wa vyombo hivi. Henki akauingiza mmoja majini, akapanda. Ukazunguka kama pipa, akabaki miguu juu. Watu walipiga makofi, wakajua ndiyo mchezo wenyewe.

Sasa nifike kwa huyu mama, maana uzi mzima ni wake.

Alikuja mwenyewe kwa maji kutoka pwani ya Muleba, na mashua halisi ya mbao, ndefu, safi. Ma Leokadia. Baba yake alikuwa mvuvi Mkerewe aliyehamia visiwani, yeye akazaliwa huko huko, akaolewa na Mhaya mfanyabiashara wa samaki. Mume alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Ugonjwa ule ule.

Akakaa kwenye kiti cha wateja wa Sefu, kitenge kimefungwa vizuri, hana haraka.

"Mwalimu, nimesikia mnapokea mashua."

"Tunapokea mama. Pole na msiba."

"Mkishapokea, ndugu wa marehemu akija kuichukua inakuwaje?"

Nikafungua katiba, nikamsomea kile kifungu.

"Soma tena, waitu," akanibembeleza kwa Kihaya.

Nikasoma tena. Akataka mara ya tatu, polepole. Midomo yake ilikuwa inafuatisha. Kisha akauliza, "Na mwanachama anaruhusiwa kutumia mashua ya klabu?"

"Ndiyo maana ya klabu, mama. Mwanachama anatakiwa afanye mazoezi mara kwa mara."

"Basi andika. Mashua natoa. Halafu chini yake andika na mimi ni mwanachama."

Nikaandika. Nilimuona mama wa watu amechanganyikiwa na msiba, anatoa mali na kuuliza maswali ya ajabu ajabu.

Sefu akamshonea tanga jipya kutokana na turubai la hema la jeshi lililobaki baada ya vita. Namba za jeshi zilionekana bado. Kesho yake asubuhi Ma Leokadia akaenda mazoezini.

Alirudi baada ya siku mbili na sangara.

Nikamfuata. "Ma Leokadia, mazoezi gani haya yenye samaki?"

"Mwalimu, katiba inasema nifanye mazoezi. Imeandika nirudi mikono mitupu?"

Haikuandika. Nilikagua kurasa zote nne.

Akawa anakwenda visiwani, ananunua samaki kwa wavuvi, anauza mjini, watoto wake wanne wanasoma. Wavuvi wengine walinung'unika kwamba mwanamke ndani ya mashua ni mkosi. Akawa anawaambia yeye si mwanamke, ni mwanachama. Na ukweli usemwe, ndiye mtu pekee katika klabu nzima aliyejua kutumia tanga. Henki alikuwa ameshaondoka, katuachia kimashua chake na life jacket mbili.

Ndipo akaja shemeji yake.

Huyu tumwite Ta Kahwa, Ta kwetu ni kama Mzee. Mtu wa heshima kwao, fimbo, koti zito na wanaukoo wawili nyuma. Alishachukua shamba la kahawa la marehemu, akachukua na mabati. Mashua ndiyo ilibaki. Akasimama mlangoni, akasoma kibao chetu kwa sauti.

"Klabu ya Matanga. Kumbe nyie ndio mnaokula mali za marehemu!"

Sefu akaanza, "Mzee wangu, babu yangu alipokuwa Bagamoyo..."

"Babu yako simtaki. Nataka mashua ya ndugu yangu. Mwanamke huyu mnyamahanga, mtu wa kuja tu, anawezaje kugawa mali ya ukoo?"

Nikamsomea kifungu. Naye hakubishana na mimi, akaenda moja kwa moja kwa afisa wa usajili, akamwambia hii klabu ni ya uongo, imeundwa kuficha mashua ya marehemu.

Afisa akatuita. Akasema jambo la haki kabisa. "Mliniambia mnatoka, mnazunguka, mnarudi. Jumamosi nakuja ufukweni. Mwenyekiti na katibu mtoke, mzunguke, mrudi. Mkishindwa nafuta usajili, na mashua irudi kwa ukoo."

Sikula siku mbili.

Nilimkuta Sefu dukani, cherehani imesimama. Nikamwambia, "Bwana Sefu, wewe una damu ya bahari. Nitafuata maelekezo yako."

Akasema, "Mwalimu, mimi hata meli ya Mwanza sijawahi kupanda. Natapika nikiitazama."

Jumamosi ufukwe ulijaa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba klabu ya mazishi inakwenda majini, kila mtu alitaka kuona anazikwa nani. Afisa aliletewa kiti. Ta Kahwa alikuwa amefika kabla ya wote, akapanda ndani ya mashua yenyewe, akakaa katikati na fimbo yake.

"Haitoki bila mimi," akasema. "Nawajua nyie."

Ma Leokadia alikuwa anafunga kamba zake.

Mimi na Sefu tukavaa life jacket, tukapanda kimashua cha Henki. Nikashika kamba moja, Sefu akashika nyingine, hatukujua kazi yake. Upepo ukashika tanga. Tukaondoka!

Tulikwenda vizuri kabisa, ila kinyumenyume.

Watu wakashangilia. Nikaona nimefaulu, nikainua mkono kumpungia afisa. Huo mkono ndio uliokuwa umeshika kamba. Tanga likapiga upande wa pili, boriti ya tanga ikamvua Sefu kofia, nikasikia "Bismillahi!" na sote tukawa majini.

Wakuu, kuna ukimya fulani ukiwa chini ya maji ambao sijawahi kuusikia tena. Nilifikiria mama yangu, na daftari la mahudhurio nililoliacha kwangu bila kujaza.

Life jacket ilinirusha juu. Tukang'ang'ania mgongo wa mashua, upepo unatusukuma nje, watu ufukweni wanakuwa wadogo. Sefu alikuwa anasoma kila sura aliyoijua. Mimi nilikuwa nasali rozari bila rozari.

Kisha nikaona turubai la jeshi linakuja. Ma Leokadia yuko nyuma kwenye usukani, Ta Kahwa katikati amekumbatia mlingoti. Hakuwahi kushuka. Mawimbi yalikuwa yanamrushia maji usoni.

Zikabaki hatua kama kumi. Mama akalegeza tanga, mashua ikapunguza mwendo, ikaanza kuyumba. Akaachia usukani, mikono yote miwili akaiweka mapajani.

"Shemeji," akasema, sauti ya kawaida kama yuko jikoni, "ulisema mashua ni yako. Haya, shika usukani."

"Wewe mwanamke! Shika!"

"Sijui kama nina ruhusa. Ni mali ya ukoo."

Nikapiga kelele, "Ma Leokadia! Tuokoe kwanza!"

"Subiri kidogo mwalimu, nina kikao."

Mashua ikalala upande. Ta Kahwa akaita mama yake, "Mawe! Mawe nyowe!" Fimbo ikaenda na maji. Koti lile zito sasa lilikuwa linamuogopesha kuliko ziwa.

"Si yangu! Mashua si yangu, ni yako!"

"Si yangu shemeji. Ni ya nani?"

"Ya klabu! Ya klabu!"

"Mwambie katibu, yule pale."

Akanigeukia, mzee wa watu, macho yametoka. "Katibu! Mashua ni ya klabu!"

"Nimesikia!" nikajibu.

Ma Leokadia akasema, "Andika, mwalimu."

"Nitaandika nikifika nchi kavu!"

Akashika usukani, akatugeukia kwa mzunguko mmoja laini sana, akatuokota kama anachuma nyanya.

Ufukweni afisa alikuwa amesimama kiti kimeanguka nyuma yake. Nguo zangu zinachuruzika, Sefu ameinama anatapika ziwa. Afisa akatuangalia.

"Huo ndio mchezo wenyewe?"

"Ndiyo mkuu."

"Na mnaupenda?"

"Sana," akasema Sefu bila kuinua kichwa.

Afisa akamuuliza Ta Kahwa kama ana la kuongeza. Alitaka chai tu. Faili likafungwa.

Baadaye nilimuuliza Ma Leokadia, kweli angeiacha mashua ipinduke na mtu mzima ndani? Akanishangaa. "Mwalimu, usukani nilikuwa nimeubana kwa kisigino muda wote." Kisha akaongeza, "Ila mguu ulikuwa unatetemeka."

Ndiyo nilielewa zile mara tatu alizonisomesha kifungu. Aliona ndani ya karatasi yangu kitu ambacho mimi niliyeiandika sikukiona.

Habari zikapita midomoni mwa wanawake. Wakaanza kuja wajane wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, mmoja mmoja, kimya kimya. Anatoa mashua, anataka kifungu kisomwe, anajiandikisha mwanachama. Nikaacha kuuliza maswali. Wapo waliokufa wenyewe baadaye, ugonjwa haukuwa na adabu, lakini mashua zilibaki na watoto walikula. Ma Leokadia aliishi. Kwa nini yeye, sijui, na sikuwahi kumuuliza.

Niongeze moja, kisha niwaachie.

Mwaka uliofuata yule afisa alikuja dukani kwa Sefu mchana, bila faili. Shati limempwaya, shingo imebaki kamba. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nje ameegesha pikipiki yake.

Akasema, "Katibu, katiba yenu inasema mnapokea vyombo. Pikipiki ni chombo?"

Nikasema taratibu, "Mkuu, ni vyombo vya majini."

"Najua ni vya majini. Nilipiga muhuri mwenyewe. Nakuuliza." Akatazama sakafu. "Mke wangu ni mgeni hapa. Hana ndugu. Na ndugu zangu nawajua."

Sefu hakuinua macho, mguu unaendelea kukanyaga cherehani.

"Mkuu," akasema, "Bukoba hii mvua inanyesha mwaka mzima. Barabara gani hapa si ya majini?"

Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika: chombo kimoja, magurudumu mawili. Mstari wa chini nikaandika jina la mke wake, mwanachama. Afisa akatoa kalamu, akasaini. Ilimchukua muda.

Walipokuja ndugu zake baada ya mazishi, mjane wake aliwaonyesha karatasi ile. Wakaisoma wakiwa wamesimama, wakaona sahihi ni ya nani, wakaaga.

Funzo nililopata: usimdharau mtu anayekuomba urudie kusoma kifungu. Na ukiandika katiba ya kitu chochote, andika kama vile mtu fulani usiyemjua atakuja kuishi ndani yake.

La pili, jifunzeni kuogelea. Mimi mpaka leo bado.

Wa Kagera mliokuwepo miaka ile, na nyie mliowahi kuanzisha chama kwa sababu moja kikageuka kingine, shusheni za kwenu hapo chini. Anayetaka kunikosoa Kihaya changu pia karibu, ila aje na staha, mimi ni mtu mzima.